Kurahisisha Sehemu Hadi Umbo Lake la Mwisho: Mwongozo Kamili wa Hatua kwa Hatua

Sehemu 36/84 ikitolewa darasani, wanafunzi wengi huandika 18/42, wengine husonga hadi 9/21, kisha daftari hufungwa. Hakuna aliyekosea kugawanya. Kila hesabu waliyoifanya ni sahihi, lakini jibu halijakamilika, kwa sababu 9 na 21 bado zinagawanyika kwa 3, na umbo rahisi kabisa la sehemu hiyo ni 3/7.

Katika madaftari niliyosahihisha, kosa hili la kuishia njiani limejirudia kuliko kosa jingine lolote la sehemu. Linaniuma kwa sababu mwanafunzi anayelifanya huwa amekwisha kuelewa kazi yenyewe. Kitu pekee ambacho hakufundishwa ni namna ya kutambua kwamba amefika. Kwa hiyo mwongozo huu unatumia nafasi kubwa zaidi katika hatua ya tano na ya sita, ambako swali hilo linajibiwa, na unapita haraka mahali ambapo wengi hawasumbuki.

## Vinavyohitajika

- Daftari la hisabati lenye miraba, ili tarakimu zikae katika safu zake.
- Penseli. Usitumie kifutio katika kazi hii, kwa maana mstari uliokosewa ndio utakaoonyesha kosa lilianzia wapi.
- Karatasi moja iliyokatwa vipande virefu vyembamba, upana wa vidole viwili hivi.
- Jedwali la kuzidisha hadi 12. Mwanafunzi ambaye hajalikariri aliweke mezani bila aibu. Kinachojifunzwa hapa ni kurahisisha, si kukariri.
- Orodha ya namba tasa za mwanzo, yaani namba kubwa kuliko 1 zinazogawanyika kwa 1 na kwa zenyewe tu, iandikwe juu ya ukurasa: 2, 3, 5, 7, 11, 13, 17, 19, 23.

## Maneno yatakayotumika

Katika sehemu 3/4, namba ya juu, yaani 3, huitwa kiasi, na namba ya chini, yaani 4, huitwa asili. Asili inaeleza kitu kizima kimegawanywa vipande vingapi vilivyo sawa, na kiasi kinaeleza ni vipande vingapi vinavyozungumzwa.

Kigawo cha namba ni namba inayoigawanya bila kubakiza kitu. Vigawo vya 12 ni 1, 2, 3, 4, 6 na 12. Kigawo kinachozigawanya namba mbili kwa pamoja ni kigawo cha shirika, na kilicho kikubwa kuliko vyote ni Kigawo Kikubwa cha Shirika, ambacho kwa kifupi huandikwa KKS.

Sehemu imefika umbo lake rahisi kabisa pale ambapo kiasi na asili havina kigawo cha shirika isipokuwa 1. Maana hii ishikwe vizuri, kwa kuwa ndiyo itakayotumika kupima kila jibu.

## Hatua ya 1: Ione sehemu kwa mikono kabla ya kuiandika

Chukua kipande cha karatasi ukikunje katikati mara tatu mfululizo, kisha kikunjue. Utahesabu vyumba 8 vilivyo sawa. Paka penseli vyumba 6 vya mwanzo. Hiyo ni 6/8.

Sasa kikunje tena mara mbili tu, ukikunjue, na upitishe rangi nyingine katika mikunjo hiyo mitatu pekee. Kila vyumba viwili vimekuwa chumba kimoja kikubwa. Vyumba vikubwa ni 4, na vilivyopakwa ni 3. Hiyo ni 3/4, lakini hakuna penseli iliyoongezwa wala iliyofutwa.

Sababu ya kuanza hapa ni kwamba watoto wengi huamini 3/4 ni ndogo kuliko 6/8, kwa kuwa namba zake ni ndogo. Neno «kurahisisha», na hasa neno la darasani «kukata», huwafanya wadhani kuna kitu kimeondolewa. Karatasi inaonyesha kwamba tulichofanya ni kuunganisha vipande vidogo kuwa vikubwa, na kwa kuwa tumeviunganisha viwili viwili, namba ya juu na namba ya chini lazima zigawanywe kwa 2 ile ile. Muuza duka anafanya jambo hilo kila siku: sukari ya gramu 750 katika kilo yenye gramu 1000 anaiita robo tatu.

Dalili ya kufaulu: mwanafunzi anaweza kueleza kwa maneno yake kwa nini idadi ya vyumba imebadilika ilhali eneo lililopakwa ni lile lile. Asipoweza, rudieni na 4/8 kabla ya kuendelea.

## Hatua ya 2: Iandike sehemu kwa usahihi

Ikiwa sehemu imetolewa tayari, hatua hii ni ya sekunde chache. Ikiwa imo ndani ya swali la maneno, kagua kwanza vipimo.

Mtu akiuliza dakika 45 ni sehemu gani ya saa 2, jibu la haraka la wengi ni 45/2, na hapo hesabu imekwisha kuharibika. Saa 2 ni dakika 120, kwa hiyo sehemu ni 45/120, ambayo ikirahisishwa ni 3/8. Vivyo hivyo gramu 750 katika kilo 3 ni 750/3000, yaani 1/4.

Onyo: kiasi na asili lazima viwe katika kipimo kimoja. Sehemu iliyoandikwa kwa vipimo viwili tofauti inaweza kurahisishwa kwa ustadi wote na bado ikatoa jibu lisilo na maana.

## Hatua ya 3: Kagua namba zinagawanyika kwa nini

Kabla ya kugawanya chochote, zitazame namba zote mbili na ujiulize ni namba tasa ipi inayoingia kotekote. Alama zifuatazo zinapunguza kubahatisha.

Kwa 2: tarakimu ya mamoja ni 0, 2, 4, 6 au 8.

Kwa 5: tarakimu ya mamoja ni 0 au 5.

Kwa 3: jumla ya tarakimu inagawanyika kwa 3. Wanafunzi hukariri kanuni hii bila kuambiwa sababu, kisha huisahau wiki ya mtihani, ilhali sababu yake ni nyepesi. Chukua 84. Kila kumi ni 9 na 1, kwa hiyo makumi 8 ni tisa 8 pamoja na 8. Zile tisa zote zinagawanyika kwa 3, hazituhusu tena. Kinachobaki kuchunguzwa ni 8 pamoja na 4 za mamoja, yaani 12, na 12 inagawanyika. Kwa mamia ni vivyo hivyo, kwa kuwa 100 ni 99 na 1.

Kwa 7: gawanya tu. Zipo mbinu za mkato, lakini kwa namba za tarakimu mbili au tatu kugawanya kwa kawaida ni haraka kuliko kuzikumbuka.

Kwa 11: katika namba ya tarakimu tatu, jumlisha ya kwanza na ya tatu, kisha toa ya kati. Ukipata 0 au 11, namba hiyo inagawanyika. Kwa 253, tunapata 2 + 3 − 5 = 0, na kweli 253 ni 11 × 23.

Zipo namba ambazo huonekana kama tasa na huwakwamisha hata watu wazima. Namba 51 ni 3 × 17, 57 ni 3 × 19, na 87 ni 3 × 29. Alama ya 3 inazifichua zote kama mtu akikumbuka kuitumia. Baada ya kuondoa 1 yenyewe na namba zinazogawanyika kwa 2, 3 au 5, chini ya 100 zinabaki namba tatu tu ambazo si tasa: 49, 77 na 91. Zikariri hizo tatu, maana 91, ambayo ni 7 × 13, huachwa bila kuguswa mara nyingi mno.

Dalili ya kufaulu: ukitazama 45/105, unaona papo hapo kwamba 5 inaingia kotekote, na kwamba 3 nayo inaingia, kabla hujaandika mstari hata mmoja.

## Hatua ya 4: Gawanya juu na chini kwa namba tasa, moja baada ya nyingine

Anza na 2. Ikiwa inaingia juu na chini, gawanya, na uijaribu tena 2 hiyo hiyo kwenye jibu jipya. Iking'ang'ania kuingia upande mmoja tu, iache na uende kwa 3, kisha 5, kisha 7, kwa mpangilio huo.

Tuchukue 84/126.

2 inaingia kotekote: 84 ÷ 2 = 42, na 126 ÷ 2 = 63. Tumepata 42/63.

2 haiingii tena, kwa kuwa 63 ni witiri. 3 inaingia: 42 ÷ 3 = 14, na 63 ÷ 3 = 21. Tumepata 14/21.

3 haiingii katika 14. 5 haiingii. 7 inaingia: 14 ÷ 7 = 2, na 21 ÷ 7 = 3. Tumepata 2/3.

Mpangilio wa kupanda una sababu yake. Namba tasa ikishashindwa kuingia katika mojawapo ya pande hizo mbili, haitaweza kuingia baadaye, kwa kuwa kugawanya kunaondoa vigawo na hakuleti vipya. Asiyefuata mpangilio hulazimika kurudi nyuma kila mara na hajui amejaribu nini na hajajaribu nini.

Wapo wanaopenda kugawanya kwa 4, 6 au 10 ili wafupishe njia. Si kosa, na aliyebobea afanye hivyo. Anayejifunza nashauri abaki na namba tasa, kwa sababu 4 si kitu kingine ila 2 mara mbili, na 6 ni 2 kisha 3. Hatua mbili fupi zina nafasi ndogo ya kukosea kuliko hatua moja ndefu.

Onyo la kwanza: namba inayogawanya juu ndiyo hiyo hiyo igawanye chini. Nimeona 6/9 ikiwa 3/3, mwanafunzi akieleza kwamba 2 inaingia kwenye 6 mara tatu na 3 inaingia kwenye 9 mara tatu. Kila kauli yake ni kweli, lakini jibu linasema kitu kizima, wakati sehemu ilikuwa theluthi mbili.

Onyo la pili: namba ikijigawanya yenyewe, jibu ni 1. Mwanafunzi anapokata 7 juu na 7 chini, huona «zimeisha» na kuandika 0, au huacha pengo. 7/21 ni 1/3, na 12/12 ni 1.

## Njia ya KKS, kwa anayetaka kugawanya mara moja

Vitabu vingi vya shule hutumia njia hii. Andika kila namba kama zao la vigawo tasa: 84 = 2 × 2 × 3 × 7, na 126 = 2 × 3 × 3 × 7. Chukua vile vilivyomo kotekote: 2, 3 na 7. Zao lake ni 42, na hiyo ndiyo KKS. Kisha 84 ÷ 42 = 2, na 126 ÷ 42 = 3.

Angalia kwamba 42 ndiyo ile ile tuliyogawanya kwa awamu tatu hapo juu, kwa 2, 3 na 7. Njia mbili hizi ni kazi moja iliyoandikwa kwa namna mbili. Tahadhari pekee ni kutochanganya KKS na KDS, yaani Kigawe Kidogo cha Shirika, namba ndogo kuliko zote inayogawanyika kwa namba zote mbili, ambayo kwa 84 na 126 ni 252. Ukijikuta unajaribu kugawanya kwa namba iliyo kubwa kuliko kiasi na asili, umeshika KDS badala ya KKS.

## Hatua ya 5: Thibitisha kwamba umefika

Kila jibu lina maswali mawili ya kuulizwa, na ni muhimu kuyatenganisha. La kwanza: je, sehemu niliyopata ni sawa na niliyoanza nayo? La pili: je, imefika mwisho? Wanafunzi wengi hujibu la kwanza na kudhani wamejibu yote mawili.

Kupima usawa. Zidisha kwa mshazari. Kwa 84/126 na 2/3, tunazidisha 84 × 3 = 252, na 126 × 2 = 252. Mazao ni sawa, kwa hiyo sehemu ni sawa. Lakini kipimo hiki kingelikubali jibu la 14/21 pia, kwa maana nayo ni sawa na 84/126. Ndiyo sababu hakitoshi peke yake.

Kupima mwisho. Ichukue ile namba iliyo ndogo kati ya mbili ulizobaki nazo, ivunje iwe vigawo tasa, kisha ujaribu kila kimoja kwenye namba kubwa. Ikiwa hakuna hata kimoja kinachoingia, umefika, na hakuna haja ya kutafuta zaidi.

Mfano ni 14/45. Namba ndogo ni 14, nayo ni 2 × 7. Je, 2 inaingia katika 45? Haiingii, kwa kuwa 45 ni witiri. Je, 7 inaingia? 7 × 6 = 42, zinabaki 3, kwa hiyo haiingii. Kazi imekwisha.

Kipimo hiki kinatosha kwa sababu kigawo cha shirika, kama kipo, lazima kiwe kigawo cha namba ndogo pia. Ukishavijaribu vigawo tasa vyote vya namba ndogo, hakuna mahali pengine ambapo kigawo hicho kingeweza kujificha. Mwanafunzi halazimiki kujaribu 2, 3, 5, 7, 11, 13 na kuendelea bila kujua lini aache.

Hali chache hukupa jibu bila hesabu yoyote:

- Kiasi kikiwa 1, sehemu imefika.
- Kiasi na asili vikiwa namba zinazofuatana, kama 8/9 au 35/36, sehemu imefika.
- Namba mojawapo ikiwa tasa, jaribu hiyo moja tu kwenye nyingine. Kwa 13/52, 13 inaingia katika 52 mara 4, na jibu ni 1/4.

Imani mbili za uongo zifutwe hapa. Ya kwanza inasema namba zote mbili zikiwa witiri, kazi imekwisha. 39/65 inaipinga, kwa kuwa 13 inaingia kotekote na kutoa 3/5. Ya pili inasema kazi haijaisha mpaka angalau namba moja iwe tasa. 8/9 inaipinga, kwa kuwa 8 si tasa, 9 si tasa, na bado hazina kigawo cha shirika isipokuwa 1.

Dalili ya kufaulu: mwanafunzi akiulizwa «umejuaje kwamba hapa ndipo mwisho?», anataja vigawo tasa vya namba ndogo na kueleza kwa nini kila kimoja kimekataa. Jibu la «nimeona haikatiki tena» lisikubaliwe, hata kama sehemu aliyoiandika ni sahihi.

## Hatua ya 6: Namba zinapokuwa ngumu, tumia tofauti

Hatua hii haifundishwi sana, nami naiona kuwa ndiyo yenye thamani kubwa kuliko zote kwa mwanafunzi anayeogopa namba kubwa.

Chukua 221/323. Hazigawanyiki kwa 2, wala 3, wala 5. Ukijaribu 7, inabaki 4 juu. Wengi huandika hapo kwamba sehemu hairahisishiki.

Toa ndogo kwenye kubwa: 323 − 221 = 102. Sasa ivunje 102: ni 2 × 3 × 17. Kigawo tasa cha shirika cha 221 na 323, kama kipo, lazima kiwe kimojawapo cha hivyo vitatu. Tumekwisha kuiondoa 2 na 3, kwa hiyo imebaki 17. Na kweli 221 ni 17 × 13, na 323 ni 17 × 19. Jibu ni 13/19.

Sababu inaonekana ukifikiria ngazi. Kama namba mbili zote ni vidato kamili vya 17, basi umbali kati yake nao ni vidato kamili vya 17. Haiwezekani kupanda kutoka kidato hadi kidato kwa nusu kidato. Kwa hiyo chochote kinachozigawanya zote mbili kinaigawanya pia tofauti yake.

Mbinu hii inafaa pia kuonyesha kwamba sehemu imekwisha kufika. Kwa 25/37 tofauti ni 12, ambayo vigawo tasa vyake ni 2 na 3. Hakuna kinachoingia katika 25. Kazi imekwisha kwa mistari miwili.

Onyo: tofauti inakupa watuhumiwa, haikupi hukumu. Tofauti ya 25 na 37 inagawanyika kwa 3, lakini 25 na 37 hazigawanyiki. Kila kigawo cha tofauti lazima kijaribiwe kwenye namba zenyewe.

### Kuendeleza hadi mwisho: kugawanya kwa baki

Tofauti yenyewe ikiwa kubwa na ngumu kuvunja, endelea kwa mtindo huo huo. Gawanya namba kubwa kwa ndogo, chukua baki. Gawanya namba ndogo kwa baki hilo. Endelea hadi baki liwe 0. Namba ya mwisho uliyogawanyia ndiyo KKS.

Kwa 348/812:

812 ÷ 348 = 2, baki 116.
348 ÷ 116 = 3, baki 0.

KKS ni 116. Tunagawanya: 348 ÷ 116 = 3, na 812 ÷ 116 = 7. Jibu ni 3/7, na hatukuhitaji kujua kigawo tasa hata kimoja.

Kwa 391/667 safari ni ndefu kidogo:

667 ÷ 391 = 1, baki 276.
391 ÷ 276 = 1, baki 115.
276 ÷ 115 = 2, baki 46.
115 ÷ 46 = 2, baki 23.
46 ÷ 23 = 2, baki 0.

KKS ni 23, na jibu ni 17/29. Nani angeiona 23 hiyo kwa kutazama tu?

Baki la mwisho kabla ya 0 likiwa 1, ujue sehemu ilikuwa katika umbo rahisi kabisa tangu mwanzo. Jaribu 64/81 na utaona mabaki yakishuka 17, 13, 4, kisha 1.

## Hatua ya 7: Sehemu guni, namba mchanganyiko, desimali na asilimia

Sehemu guni, yaani ile ambayo kiasi chake ni kikubwa kuliko asili, hurahisishwa kama nyingine yoyote. Rahisisha kwanza, kisha ndipo utoe namba nzima: 54/24 ni 9/4, na 9/4 ni 2 na 1/4. Ukianza kwa kutoa namba nzima utapata 2 na 6/24, na hatari ni kusahau kwamba 6/24 bado inakatika.

Katika namba mchanganyiko, namba nzima haiguswi. Kwa 3 na 18/24, KKS ya 18 na 24 ni 6, na jibu ni 3 na 3/4. Nimesahihisha majibu ambamo ile 3 nzima nayo iligawanywa kwa 6 au kwa 3. Mwanafunzi akumbushwe kwamba mikate mitatu mizima haipungui kwa sababu tu tumebadili namna ya kuhesabu vipande vya mkate wa nne.

Asilimia huandikwa juu ya 100: 36% ni 36/100, ambayo ni 9/25. Desimali 0.125 ni 125/1000, ambayo ni 1/8. Katika sehemu za aina hii asili ni 10, 100, 1000 na kuendelea, na vigawo tasa vyake ni 2 na 5 pekee. Kwa hiyo usipoteze muda kujaribu 3 wala 7. Jaribu 2 na 5 tu, na zikikataa zote mbili, umemaliza.

## Mahali ambapo kukata hakuruhusiwi

Kukata tarakimu zinazofanana si kurahisisha. Mwanafunzi anayefuta 2 katika 12/24 anapata 1/4, wakati jibu ni 1/2. Kinachochanganya ni kwamba zipo sehemu chache ambazo kosa hilo kwa bahati linaangukia kwenye jibu la kweli: 16/64 ni 1/4, 19/95 ni 1/5, na 26/65 ni 2/5. Mwalimu asitumie sehemu hizo kama mifano ya mwanzo, kwa kuwa zitamthibitishia mwanafunzi jambo la uongo.

Kutoa namba moja juu na chini hakurahisishi pia. Ukitoa 3 katika 9/12 unapata 6/9, ambayo ni 2/3, wakati 9/12 ni 3/4. Kugawanya pekee ndiko kunakolinda thamani.

Katika kuzidisha sehemu, kukata kwa mshazari kunaruhusiwa na kunaokoa kazi nyingi. Katika 14/15 × 25/28, 14 na 28 zinagawanywa kwa 14 na kuwa 1 na 2. 25 na 15 zinagawanywa kwa 5 na kuwa 5 na 3. Jibu ni 5/6. Katika kujumlisha na kutoa, jambo hilo ni marufuku: katika 2/3 + 3/4 zile 3 mbili hazikatani, kwa kuwa hazizidishwi pamoja.

## Mazoezi, pamoja na mahali mtego ulipo

Fanya yote kwa maandishi, na chini ya kila jibu andika uthibitisho wa hatua ya 5.

1. 18/30
2. 45/105
3. 57/76
4. 64/81
5. 4 na 28/42
6. 132/48
7. Dakika 50 ni sehemu gani ya saa 3?
8. 299/391

Majibu. La 1 ni 3/5. Aliyeandika 9/15 aliishia njiani. La 2 ni 3/7. La 3 ni 3/4: tofauti ya 76 na 57 ni 19, na 19 inaingia kotekote. La 4 halirahisishiki, na anayestahili alama ni yule aliyeonyesha kwamba 64 ina kigawo tasa kimoja tu, 2, nayo haiingii katika 81. La 5 ni 4 na 2/3. La 6 ni 11/4, yaani 2 na 3/4. La 7 ni 50/180, ambayo ni 5/18. Aliyepata 50/3 arudi hatua ya 2.

La 8 ni 13/17. Tofauti ni 92, yaani 2 × 2 × 23, na namba zote mbili ni witiri, kwa hiyo kigawo pekee cha kujaribu ni 23. Mwanafunzi aliyelifikia jibu hilo bila kusaidiwa apewe sasa sehemu za tarakimu tatu za kutosha kwa wiki nzima, tano kwa siku, na kila siku moja kati ya hizo tano iwe ile isiyorahisishika.